Tanzanaiti au Safaya? Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Mawe ya Bluu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu mawe ya bluu. Kabla ya majibu, neno moja la lugha: vitabu vinasema "yakuti samawi", lakini kwa masonara na madalali wa Arusha jiwe hilo ni safaya. Tumewafuata wao.

Natarajia kumvisha mchumba wangu pete mwezi Desemba. Yeye anataka tanzanaiti kwa kuwa ni jiwe la kwetu. Shangazi yake anasema tanzanaiti ni laini, ninunue safaya. Mchumba ni muuguzi, mikono yake haitulii. Nimsikilize nani? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Hongera, kaka. Kwa pete ya kuvaliwa kazini kila siku, msikilize shangazi. Ila sababu aliyoitoa ni nusu tu ya jambo lenyewe.

Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga mawe kwa ugumu, safaya ni 9 na tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Watu huona pengo la ngazi mbili au tatu wakalidharau. Namba hizo zinapanga foleni tu: zinasema nani anamkwaruza nani, hazisemi amemzidi kwa kiasi gani. Kwa vipimo vya maabara, safaya ina ugumu wa zaidi ya mara mbili ya kwatzi, na kwatzi iko kwenye 7. Sasa, kwatzi ndiyo chembe iliyojaa kwenye mchanga wa ujenzi na kwenye vumbi linalotua juu ya kabati. Ukiifuta pete kavu kwa pindo la kanga, unaipitishia msasa mwembamba bila kujua. Safaya haitaona kitu. Tanzanaiti itapoteza makali ya kingo zake kidogo kidogo, kisha uso wa juu, ule mpana unaoitwa meza, utaingia ukungu ambao hauondoki kwa kuosha.

Nusu ya pili ni kupasuka, na hapo ndipo tanzanaiti inapowaliza wengi. Kuna upande mmoja ndani ya tanzanaiti ambao jiwe hukubali kupasuka kirahisi na kwa unyoofu, kama gogo la kuni linavyokubali shoka likifuata nyuzi zake. Ukiligonga kwa upande mwingine huenda lisidhurike. Ukilipata upande huo, hata ukingo wa sinki unatosha. Safaya haina upande wa namna hiyo. Zipo safaya chache zinazoachana kwenye tabaka zilizomo ndani, lakini safaya safi ni jiwe la kupigana na dunia.

Muuguzi anagusa reli za vitanda na toroli za chuma siku nzima, na anavaa na kuvua glavu mara nyingi. Dawa ya kutakasa mikono yenye spiriti haili jiwe lolote kati ya haya mawili. Kinachomsumbua ni vyuma, na pia kucha za pete, zile ndoano zinazoshika jiwe, ambazo huchana glavu na kuvutika hadi zikalegea.

Kama moyo wake umeshaamua tanzanaiti, kuna njia mbili. Ya kwanza, na tunayoipendelea, ni kumpa tanzanaiti kwenye kidani au hereni, mahali ambapo haigongwi, na pete ya kazini iwe ya dhahabu tupu au ya safaya. Ya pili ni pete ya tanzanaiti iliyotengenezwa kwa kulihurumia jiwe. Mwambie sonara alizungushie ukuta wa dhahabu pande zote badala ya kucha, ukuta huo uvuke kidogo kiuno cha jiwe (ukingo unaolizunguka jiwe mahali lilipo pana zaidi), na meza ikae chini kiasi kwamba ukiilaza pete kifudifudi juu ya kioo, chuma ndicho kiguse kwanza. Jiwe la umbo la yai au mviringo linafaa kuliko lenye pembe. Ncha ya umbo la tone ni mahali pa kwanza pa kumeguka. Kiuno kisiwe chembamba kama wembe. Ukuta wa dhahabu usukumwe kwa mkono polepole, usipigwe nyundo. Na pete ivaliwe kanisani, msikitini na kwenye sherehe, isiende wodini.

Jambo moja la kukufurahisha kwenye duka: tanzanaiti ni nyepesi kuliko safaya kwa ujazo ule ule, kwa hiyo karati moja ya tanzanaiti, kama umbo ni lile lile, inaonekana pana kwa takribani asilimia 6 kuliko karati moja ya safaya. Na kama hoja ya mchumba ni "la kwetu", safaya nayo ni ya kwetu: inatoka bonde la Umba kule Tanga, na kusini huko Tunduru na Songea. Ni kweli hata hivyo kwamba tanzanaiti ya biashara haichimbwi kwingine duniani zaidi ya Mirerani, wilayani Simanjiro, na hilo safaya haiwezi kulisema.

Nimeonyeshwa jiwe la bluu lililokatwa, karati tatu na ushei. Mwenye nalo anasema tanzanaiti, rafiki yangu anasema safaya, wa tatu anasema chupa. Muuzaji alikwaruza kioo nalo likaacha alama, akasema huo ndio ushahidi. Nyumbani nina mzani wa sonara na lenzi ya mara kumi. Naweza kujua mwenyewe? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Kwanza sahau ule mkwaruzo. Kioo cha dirishani kiko karibu na 5 na nusu kwa Mohs. Kitakwaruzwa na tanzanaiti, safaya, ayolaiti (jiwe jingine la bluu-zambarau), spineli ya kiwandani (jiwe linalotengenezwa na binadamu, nalo huweza kuwa la bluu), hata kipande cha kwatzi ulichookota njiani. Jaribio linaloliruhusu kila jiwe kupita halijapima kitu, na unaweza kuondoka na ukingo uliomeguka juu yake. Kupuliza pumzi juu ya jiwe na kuhesabu ukungu unavyokauka nako kusikupotezee muda.

Mzani wako una kazi kubwa zaidi. Lioshe jiwe, likaushe, lipime kwa gramu na uandike. Chemsha maji, yaache yapoe hadi joto la chumba ili mapovu ya hewa yatoke, yatie kwenye bilauri ndogo, ongeza tone moja la sabuni ya maji. Weka bilauri juu ya mzani kisha rudisha namba iwe sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba kabisa, nailoni ya kuvulia samaki inafaa, ulizamishe lote ndani ya maji bila kugusa chini wala ukingo. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito wa jiwe kwa namba hiyo: jibu ndilo uzito wake mahususi.

Tuseme jiwe lako lina gramu 0.670, yaani karati 3.35, kwa kuwa karati moja ni gramu 0.2. Kama ni tanzanaiti, mzani utasoma karibu 0.200, jibu 3.35. Kama ni safaya, utasoma karibu 0.168, jibu 4.00. Ayolaiti itasukuma maji mengi zaidi, karibu 0.258, kwa kuwa uzito wake mahususi ni kama 2.6. Spineli ya kiwandani ni 3.64, utasoma karibu 0.184. Chupa haina namba moja. Inategemea ilichanganywa na nini.

Makosa ya kawaida ni mawili. Povu dogo lililonasa chini ya jiwe huongeza namba ya mzani na kulifanya jiwe lionekane jepesi. Litoe kwa brashi ya rangi. La pili ni mzani wa gramu unaoishia nukta mbili. Kwa jiwe la ukubwa wako unahitaji nukta tatu, na kwa jiwe lililo chini ya karati moja hata huo utakuyumbisha. Jiwe lililokwisha kufungwa kwenye pete halipimwi namna hii.

Ukipata 4.00 usishangilie bado. Safaya ya kiwandani ina uzito ule ule, ugumu ule ule, kila kitu kile kile, maana ni madini yale yale ya alumini na oksijeni yaliyopikwa na binadamu, na teknolojia yake ina zaidi ya miaka mia moja. Kwa lenzi, angalia ndani dhidi ya karatasi nyeupe. Mistari ya rangi iliyopinda kama ya sahani ya santuri ni ya kiwanda. Mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe, au sindano nyembamba sana zinazopishana, huelekeza kwenye jiwe la ardhini. Jiwe lisilo na kitu chochote ndani na bei yake ni ya kirafiki mno, lipeleke maabara ya vito kabla hujatoa shilingi.

Ukipata namba kati ya 3.2 na 3.4, kuna mdanganyifu mmoja wa kuondoa: fostaraiti ya kiwandani, inayotengenezwa kwa rangi ya tanzanaiti. Uzito wake ni karibu 3.2, na kwa mzani wa kawaida unaweza kuichanganya. Lenzi inaitoa nje haraka. Tazama kupitia meza hadi kwenye kingo za nyuma. Kwenye fostaraiti kila ukingo unaonekana mara mbili waziwazi, kama maandishi unayoyasoma ukiwa na usingizi. Kwenye tanzanaiti marudufu hayo ni madogo sana, mara nyingi huyaoni kwa lenzi ya kumi.

Kisha geuza jiwe. Hii ndiyo tabia ya tanzanaiti inayopendeza kuliko zote: rangi yake inategemea unaitazama kutoka wapi. Upande mmoja ni bluu, mwingine zambarau, na kama haijachomwa, wa tatu mara nyingi ni kahawia au rangi ya divai. Kwenye jiwe lililokatwa zinachanganyika, kwa hiyo tumia mwanga uliochujwa. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta mpakato yenye skrini ya LCD, lishike jiwe mbele yake kwa kibano, ulizungushe polepole kama usukani. Tanzanaiti itahama kutoka bluu kwenda zambarau na kurudi. Chupa na spineli hazitahama hata ukizizungusha hadi jioni. Safaya huhama kutoka bluu yenye zambarau kidogo kwenda bluu yenye ukijani. Ayolaiti nayo huhama sana, lakini kwenye moja ya pande zake hupauka hadi karibu kukosa rangi au kuwa ya manjano hafifu, jambo ambalo tanzanaiti nzuri haifanyi. Jaribu pande mbili tatu za jiwe, maana kila jiwe lina mwelekeo mmoja au zaidi ambao rangi hazihami.

Mwisho, chunguza kiuno na kingo kwa lenzi. Kuna tanzanaiti halisi lakini hafifu zinazopakwa utando mwembamba wa kobalti ili zionekane za bei. Utando huo huchakaa kwanza kwenye kingo, na hapo utaona mistari iliyopauka kuzunguka nyuso zenye rangi nzito. Uzito hautakuambia hilo, wala skrini.

Mwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, anamaliza mjadala wa majina kwa dakika moja: tanzanaiti husoma karibu 1.69 hadi 1.70, safaya 1.76 hadi 1.77, spineli ya kiwandani 1.73, ayolaiti chini ya 1.56. Arusha watu wa kukusomea hawakosekani. Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko hapa hapa mjini. Na kama ununuzi wenyewe haujafanyika, ufanyike sokoni kwa mwenye leseni, na risiti iandike jina la jiwe na uzito wake. "Jiwe la bluu" kwenye risiti ni jina la kumlinda muuzaji.

Mimi ni sonara. Nilikuwa napunguza pete yenye tanzanaiti. Nililifunika jiwe kwa kitambaa kibichi, nikalehemu, jiwe likatoka zima. Nilipoitia pete kwenye asidi ya kusafishia nikasikia "tik", ufa ukapita katikati. Asidi imelila jiwe? (Fundi, Soweto, Moshi)

Si asidi, fundi. Ni joto kupanda na kushuka kwa haraka. Kitambaa kibichi kinapoza sehemu ya nje ya jiwe, lakini dhahabu iliyolishika inapitisha moto chini yake, kwa hiyo jiwe lina upande wa moto na upande wa baridi kwa wakati mmoja. Tanzanaiti inavimba kwa moto tofauti kwa kila mwelekeo wake, na ina ule upande wa kupasukia tulioutaja juu. Ilivumilia mara ya kwanza. Ulipoidumbukiza ikiwa bado ina joto, ikashindwa.

Tanzanaiti hutolewa kwenye pete kabla ya moto. Hakuna njia ya mkato tunayoweza kukupa ukalala nayo usingizi. Kufungua kucha nne na kuzirudisha ni kazi ya nusu saa. Kulipa jiwe la mteja ni kazi ya miezi. Asidi nayo usiiamini: ya haidrokloriki na ya haidrofluoriki hushambulia uso wa tanzanaiti. Mashine ya kuoshea kwa mitetemo na ile ya mvuke zisiiguse kabisa. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto vinatosha.

Safaya ambayo haikujazwa kitu inastahimili moto wa kulehemu, na ndiyo maana mafundi huzoea vibaya. Hata hivyo usiipake boraksi wala unga wa boriki, zile dawa za kusaidia kulehemu: vikipata moto hula uso wa safaya na kuuacha na vidoa kama vya maji yaliyokaukia kwenye gari. Na safaya iliyojazwa glasi kwenye nyufa, ambazo siku hizi zipo nyingi na ni rahisi, huharibiwa na moto na asidi vilevile. Tazama kwa lenzi kabla hujawasha: mapovu bapa ndani ya ufa, au mng'ao wa bluu unaofuata ufa badala ya kufuata jiwe, maana yake zima moto.

Muuzaji amekiri kwamba tanzanaiti yake "imechomwa". Je, hiyo si kughushi? (Msomaji, Usa River)

Sivyo. Karibu kila tanzanaiti ya bluu iliyoko sokoni imechomwa. Nyingi zinatoka ardhini zikiwa na ukahawia, na moto wa nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi huondoa ukahawia huo na kuiacha bluu na zambarau zitawale. Rangi inayopatikana haififii kwa jua wala kwa miaka. Wanaofanya kazi hiyo vizuri hupunguza kwanza sehemu zenye nyufa, maana ufa wenye majimaji ndani hupasuka yanapotanuka. Kisha hulifukia jiwe kwenye unga mkavu ndani ya chombo cha kuhimili moto, hupandisha joto taratibu kwa saa kadhaa, na huliacha lipoe humo humo. Anayeharakisha huvuna vipande.

Unachoweza kumuuliza ni kinyume chake: mtu akikuuzia kwa bei ya juu akidai haijachomwa, akuonyeshe ule upande wa kahawia au rangi ya divai. Kama hauonekani kokote, dai lake ni gumu kuliamini.

Kwa safaya swali ni zito zaidi. Nayo huchomwa, lakini kwa nyuzi zinazoweza kupita 1,700, na pamoja na moto huo baadhi ya viwanda huingiza titani au berili ndani ya jiwe ili kuibadili rangi. Uchomaji wa kawaida umekubalika kwenye biashara. Ule wa kuingiza rangi hushusha thamani sana na ni lazima utajwe, na mara nyingi ni maabara tu inayoweza kuuthibitisha.

Tanzanaiti yangu ni bluu mchana, usiku nyumbani inakuwa zambarau. Inachuja? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Haichuji, dada. Taa ya manjano ina wekundu mwingi kuliko jua la mchana, na tanzanaiti inaupitisha wekundu huo. Badilisha balbu uweke nyeupe, bluu itarudi usiku huo huo. Baadhi ya mawe huwa zambarau hata mchana kwa sababu ya mkataji: mara nyingi jiwe ghafi hutoa kito kikubwa zaidi likikatwa ili zambarau itazame juu, na kutafuta bluu tupu humgharimu uzito. Ndiyo sababu bluu nzito huuzwa ghali zaidi kwa karati.

Naweza kuweka kidani cha tanzanaiti na hereni za safaya kwenye kisanduku kimoja? (Msomaji, Ngaramtoni)

Kisanduku kimoja sawa, kifuko kimoja hapana. Vikigusana safaya itaikwaruza tanzanaiti kila unapofungua droo. Funga kila kimoja kwenye kitambaa chake laini. Kama meza ya tanzanaiti imeshaingia ukungu, mkataji anaweza kuing'arisha upya kwa kupoteza sehemu ndogo ya karati. Mpelekee ikiwa imetolewa kwenye chuma, na ipimwe mbele yako kabla na baada.